Shokapu za Viazi, Mzigo wa Ng'ombe

Tangu turudi kutoka Njoro, kila mtu ninayekutana naye hapa Kesses ananiuliza ilikuwaje. Walimu wenzangu wameuliza, watu wa kwaya wameuliza, hata dereva wa trekta ya maziwa alinisimamisha katikati ya barabara. Wote nimewajibu kwamba tulifika salama, halafu nikaanza kuzungumzia mvua. Rael, mke wangu, amechoka kunisikia. Anasema kama mdomo wangu ni mzito basi niandike, msome wenyewe, tumalize hiyo maneno.

Basi someni. Habari za barua ya chifu na kibali cha kusafirisha mifugo nitaziruka. Jueni tu kwamba nilivipata, na kwamba nilizeeka nikivitafuta.

Wengi wenu mnamkumbuka Njuguna. Ua wake na wangu ulikuwa mmoja. Mimi ni Mkalenjin, yeye ni Mkikuyu, na kwa miaka yote tuliyokaa hapo hiyo haikuwa habari ya kumkosesha mtu usingizi. Asubuhi ile baada ya uchaguzi, moshi ulipoanza kuonekana upande wa chini, alikuja kwenye ua akiwa amembeba mtoto mgongoni na kamba ya ng'ombe mkononi. Alinipitishia kamba juu ya ua, akasema, "Koech, nishikie huyu." Akageuka akaenda. Jioni nyumba yake haikuwepo.

Ng'ombe mwenyewe ni Desi, yule mweusi mwenye madoadoa meupe. Alikuwa amepandishwa majuzi tu wakati huo, na kufikia likizo ya Agosti mimba yake ilikuwa kubwa. Nyumba ya Njuguna iliungua, mahindi yake yaliliwa na watu anaowajua, na kati ya vyote alivyokuwa navyo duniani kilichobaki ni Desi na hicho kilichokuwa tumboni mwake. Na vyote viwili vilikuwa kwangu.

Mimi ni mwoga. Sifichi. Pale senta, madukani, maneno yalikuwa yameanza, kwamba wanaoweka vitu vya waliohama wanajulikana. Siku moja kijana fulani alisimama langoni kwangu, akanisalimia kwa heshima zote, akauliza kama yule mweusi ananipa maziwa mengi. Nilimwambia bado hajazaa. Akasema sawa, Mwalimu, akaenda. Kuanzia siku hiyo nikawa naamka kila mbwa akibweka. Mwishowe nikamwambia Rael tumpelekee Njuguna ng'ombe wake akiwa mzima, kabla hajachinjwa mbele ya macho yetu. Njuguna alikuwa amehamia Njoro, kwenye kipande cha shamba cha shemeji yake. Nilimpigia simu nikasema tu tunakuja kuwatembelea. Ya Desi sikuyataja, maana siku zile hata kwenye simu mtu alikuwa anaongea kama kuna mtu wa tatu anasikiliza.

Eldoret: kuchagua shokapu

Sasa, gari. Pikapu yangu mnaijua na mnaicheka. Niliinunua kwa mkulima mmoja wa Moiben aliyekuwa anashindana nayo kwenye mbio za mashambani. Injini ni kubwa kuliko akili yangu, matairi ni mapana, na ukigusa mafuta kidogo inataka kuruka. Lakini ilitengenezwa kukimbia ikiwa tupu. Kubeba kitu chenye uhai haikuwahi kufundishwa.

Niliipeleka kwa Barasa, fundi wangu, gereji yake iko ukielekea Kapsoya. Barasa aliinamia kona ya nyuma, akaikandamiza kwa mikono miwili, akaiachilia. Pikapu ikaenda juu, ikashuka, ikaenda tena juu, ikaendelea hivyo mpaka akaishika isimame. Alipoingia chini akatoka na mafuta meusi kwenye vidole. Alisema shokapu mbili za nyuma, zile za kuzuia gari lisirukeruke, zimekufa na za mbele zinafuata, na kwamba barabara ya Nakuru ilivyo sasa nisithubutu.

Tukaenda dukani pamoja. Muuza spea ni mama mmoja mnene, mcheshi, anayejua kila gari kwa sauti yake. Alipanga aina tatu juu ya kaunta. Za kwanza zilikuwa za gesi, ngumu, za watu wa mbio kama zile nilizokuwa nazo. Za pili zilikuwa nene, za mizigo mizito, za kwenda pamoja na bamba moja la ziada kwenye springi. Za tatu zilikuwa za mafuta, laini, za mtu anayebeba familia. Halafu akaniuliza swali ambalo muuza spea yeyote lazima aulize, kwamba nyuma nabeba nini.

Kulikuwa na wanaume watatu wameegemea kaunta hiyo, hawanunui chochote. Mmoja aliacha kutafuna akaniangalia. Nikafikiria: mtu anaitwa Koech, mwaka huu, anasafirisha ng'ombe wa gredi, wa bei, kuelekea Nakuru. Nusu ya watu watasema nimemwiba. Nusu nyingine watasema nawarudishia mali wale waliofukuzwa. Hakuna nusu iliyokuwa nzuri kwangu.

"Viazi," nikasema.

Barasa aliniangalia. "Viazi tu, Mzee?"

"Viazi tu. Magunia."

Hakuuliza tena, maana mwaka huo tulikuwa tumejifunza sote kutouliza. Yule mama akarudisha aina mbili kwenye rafu, akanisukumia zile nene, akanisifu kwa kuchagua vizuri. Barasa akazifunga, akaongeza na lile bamba. Nilipokuwa narudi nyumbani nilipita juu ya kijiti nikakisikia kwenye meno.

Kesses hadi Burnt Forest

Tulimpakia Desi kulipopambazuka, kutoka kwenye kile kichuguu nyuma ya zizi. Rael alikuja nami kwa sababu alisema gari lenye mwanamke huulizwa maswali machache. Alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa ajili ya Mama Shiro, mke wa Njuguna, akakishikilia mapajani njia nzima kama anabeba mtoto wa mtu.

Hatukuwa tumefika Cheptiret nikajua nimekosea. Gunia la viazi ukiliweka linakaa. Ng'ombe anasimama juu ya miguu minne, anahamisha uzito, anajaribu kusawazisha. Zile shokapu na lile bamba zilikuwa zinangoja mzigo wa tani, na Desi peke yake hakuufikia hata nusu. Kila shimo lilimrusha. Nikienda pole, sehemu ya nyuma inagonga. Nikienda haraka kidogo, inateleza upande, naye anayumba nayo, nasikia kwato zikikwaruza bodi. Nilikuwa naangalia kioo cha nyuma kuliko barabara.

"Baba Chebet, angalia mbele," Rael akasema. "Tukiingia mtaroni hutamsaidia."

Karibu na Burnt Forest kishindo kikaja, halafu kimya. Nilipoangalia kioo sikuona kichwa. Nilisimama nikaruka nje bila kuvuta breki ya mkono, Rael ndiye aliyeivuta. Desi alikuwa amepiga magoti, pua kwenye bodi, na ute mrefu ulikuwa unaning'inia nyuma yake. Nikasema imeisha, mimba imetoka. Kusema kweli nilikaa chini kwenye changarawe. Rael akapanda juu, akaweka kiganja chake ubavuni mwa Desi, akangoja kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akasema ndama yuko, anacheza, inuka.

Mbele kidogo kulikuwa na mama anauza viazi kando ya barabara, na nyuma yake hema jeupe limesimamishwa ndani ya kuta za nyumba iliyoungua. Rael ndiye aliyefikiria. Tulihitaji uzito ili springi zikae, na tulihitaji kitu cha kumshikilia Desi pande zote mbili. Tukanunua magunia ya viazi tukayapanga kushoto na kulia kwake. Nilimdanganya mtu kuwa nabeba viazi, na sasa nilikuwa nimebeba viazi kweli. Rael alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Mimi sikuona cha kucheka.

Yule mama alikuja kumtazama Desi kwa karibu. Nilijua kwa lafudhi yake ni mtu wa kabila la Njuguna, naye bila shaka alishanijua mimi. Akauliza ng'ombe ni wa nani. Nilikuwa nafungua mdomo kusema ni wangu, Rael akanitangulia. Alimwambia ni wa jirani yetu aliyehama, na tunampelekea Njoro.

"Aliwaitisha?" mama akauliza.

Rael akajibu kwamba hapana, tumeamua wenyewe. Mama akainuka. Aliingia nyuma ya hema akarudi na mabua ya mahindi mabichi, akayaweka mbele ya Desi, akakaa tena kwenye kigoda chake. Sikulifikiria swali lake sana. Nilichokuwa nafikiria ni mashimo.

Timboroa hadi Salgaa

Timboroa kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Polisi walikuwa wameweka kizuizi. Mmoja wao, amejifunika kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, alikuja dirishani akaniuliza nimebeba nini. Ulimi wangu ulishazoea njia moja tu.

"Viazi," nikasema.

Akazunguka nyuma. Desi akanyoosha shingo juu ya magunia akampumulia usoni. Yule polisi alirudi dirishani bila kucheka hata kidogo. "Mzee, hii viazi gani inaniangalia?"

Nilishuka na barua zote. Kibali kikaniponyoka kikaanguka kwenye matope. Alisoma jina langu, akasoma tunakoenda, akanitazama tena. Akaniuliza ng'ombe ni wa nani, nikamwambia ukweli kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akanirudishia karatasi. Aliniambia niende polepole, na kwamba huko mbele nikiulizwa nisiseme tena viazi, kwa sababu mtu anayedanganya juu ya ng'ombe hupigwa kwanza halafu ndiyo anaulizwa.

Baada ya Makutano kukaanza mlio chini ya gari, ko, ko, ko. Nikajua gurudumu linatoka. Rael akasema kama lingekuwa linatoka lingekuwa limeshatoka, lakini hilo halikunituliza. Tulijikokota hivyo mpaka Salgaa. Pale dereva mmoja wa lori la Busia aliniona nimelala chini ya gari kwa nguo za kanisani, akanihurumia. Nati ya chini ya shokapu moja ilikuwa imelegea kwa kugongwa. Alinipa spana, akanielekeza nipunguze upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma, akarudi kwenye nyama yake.

Rael naye aliagiza nyama choma na ugali, akala akamaliza. Mimi niliagiza chai, ikapoa. Kutoka hapo kwenda Njoro ilikuwa eneo la watu wa Njuguna, na waliofukuzwa kwetu ndio waliokuwa wamejaa huko. Nilimwomba Rael kwamba tukiulizwa njia, yeye ndiye aulize. Akaniuliza kama nafikiri yeye hana lafudhi.

Njoro

Tuliuliza njia mara tatu, na mara zote watu walitujibu vizuri. Hilo liliniongezea wasiwasi badala ya kuupunguza.

Nyumba ya Njuguna ni chumba cha mabati kwenye pembe ya shamba la shemeji yake. Alitoka aliposikia gari. Amekonda. Tulikumbatiana, akanipiga mgongoni, akacheka kile kicheko chake, akamsalimu Rael. Halafu Desi akalia kule nyuma. Njuguna aliacha kucheka. Alienda akasimama kando ya pikapu akimtazama, na uso wake ulibadilika. Nikafikiri ni furaha imemzidi. Majirani walikuwa wamekusanyika, na nilijisikia mtu mzuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Tulimshusha Desi kwenye ukingo wa udongo. Mama Shiro aliupokea mursik kwa mikono miwili, akauweka kwenye kona, hakuufungua. Alitupikia mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi. Tulikula, na kila nilipoanza habari za kijijini Njuguna aliitikia kwa kichwa tu. Nilipomaliza, aliniambia twende nje tukamwangalie ng'ombe.

Alisimama upande wa pili wa Desi, mkono juu ya mgongo wake.

"Koech, huyu umenirudishia kwa nini?"

"Si ni wako."

"Najua ni wangu. Nimekuuliza kwa nini umenirudishia."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Nyinyi wa kwetu hamhitaji kuelezwa, lakini najua karatasi hii itasomwa na wengine. Kwetu, mtu humpa rafiki yake ng'ombe amfugie. Maziwa ni ya anayefuga, ndama ni wa mwenyewe, na maadamu yule ng'ombe yuko kule, nyumba hizo mbili zina njia kati yao. Mwenyewe anaweza kuja wakati wowote kuona mali yake, na hakuna wa kumuuliza anatafuta nini. Siku ukimrudishia mtu ng'ombe wake bila yeye kumwitisha, umemwambia mambo kati yenu yamekwisha. Njuguna alikaa nasi miaka mingi. Alikunywa chai kwenye mikutano yetu ya kugawa ng'ombe namna hiyo. Alijua hilo kama ninavyolijua mimi, lakini siku ile kwenye ua mimi niliona mtu anayekimbia moto tu.

"Ulifikiri nilikupa kamba ili asichomwe?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Ningemfungulia tu aende zake. Nilikupa wewe ili niwe na kitu huko." Alimkuna Desi mgongoni. "Ni wao wamekutuma, ama ni wewe?"

"Hakuna mtu amenituma, Njuguna. Niliogopa."

"Basi ungeniambia unaogopa. Mimi nimeona gari likiingia, nikamwona Desi, nikajua nimeambiwa nisirudi."

Nililia. Mtu mzima, na majirani wakiangalia. Nilimwambia sikufikiria, nilikuwa naona tu ng'ombe akichinjwa. Akaniambia anajua, mimi huwa sifikirii nikiogopa. Tulikaa pale mpaka baridi ikatuingiza ndani, na tulipoingia nikaona Mama Shiro amefungua kibuyu na anammiminia Rael.

Asubuhi Njuguna aliniambia nitarudi na Desi. Nikamuuliza wakiniuliza ni wa nani nitasemaje. Akasema nitasema ukweli, ni wake.

Nakuru: kuchagua tena

Lakini hakukubali arudi juu ya zile shokapu. Alisukuma pikapu kwa goti, ikakataa hata kutikisika. Viazi tukawaachia, Desi tukamwacha na Mama Shiro, tukaenda mjini Nakuru mimi na Njuguna.

Duka lilikuwa limejaa. Muuzaji akaleta zake kwenye kaunta, za gesi, za mzigo, laini, akauliza swali lile lile. Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema ukweli, lakini nikaona macho yote yale, nikatazama chini.

"Ng'ombe," Njuguna akasema. "Wangu. Ana mimba kubwa na atasafiri amesimama. Anarudi nyumbani."

Mtu mmoja akauliza nyumbani ni wapi.

"Kesses."

 Yule aliyeuliza akamtazama Njuguna, akanitazama mimi, akaangalia kiatu chake. Nilihesabu hatua za kufika mlangoni. Muuzaji akakuna kichwa, akasema kwa ng'ombe mwenye mimba hizo za mzigo ni kumtesa, na za gesi ni kumuua. Akachagua zile laini za mafuta, akatushauri tutoe lile bamba la ziada, akasema kitu kinachosimama kinataka gari linaloshuka pole na kurudi pole. Mzee mmoja akaongezea kwamba tumfunge kamba fupi, kichwa kitazame mbele. Mwingine akasema hapana, kitazame nyuma. Wakaanza kubishana, na hapo nikaweza kupumua.

Zilipofungwa, Njuguna alikandamiza kona ya nyuma kama Barasa alivyofanya. Ikashuka, ikapanda mara moja, ikatulia.

Kurudi

Safari ya kurudi haina mengi, na hiyo ndiyo sifa yake. Desi alisimama njia nzima akicheua. Timboroa yule polisi hakuwepo. Mwenzake aliuliza, nikasema, "Ng'ombe wa jirani," akatupungia tupite.

Pale senta yetu vijana walikuwa wameketi kama kawaida, na yule wa langoni kwangu alikuwa miongoni mwao. Alikuja mpaka dirishani. Aliuliza kama huyo si yule niliyemtoa juzi, na kwani ni wa nani. Sikuzima injini. Nikasema ni wa Njuguna. Akauliza Njuguna gani, ingawa tangu utotoni amekula maparachichi ya Njuguna. Nikasema Njuguna jirani yangu. Alisimama pale kidogo, kisha akagonga bodi ya gari kwa kiganja, na mpaka leo sijui alimaanisha nini. Bado naamka mbwa wakibweka.

Desi amezaa Jumapili iliyopita. Ni jike, mweusi, na doa moja jeupe kwenye paji la uso. Nilimpigia Njuguna simu. Aliuliza rangi, halafu akaniambia atakuja Jumamosi kumwona ndama wake. Atakuja peke yake, na atashukia Cheptiret saa za mchana.

Nitakuwa pale na pikapu kumngoja. Rael atabaki akipika, kwa hivyo nafasi ya mbele iko wazi, na nyuma wanaenea watu wengi, na kwa shokapu hizi hamtaumia. Sijui nani mwingine atakuwa amekaa pale barabarani siku hiyo. Mlitaka kujua safari yangu ilikuwaje, na nimewaambia yote. Sasa ni zamu yangu kuuliza, na tafadhali msinijibu kwa kuzungumzia mvua: nani atakuja Cheptiret na mimi?